Shati Lililobanwa Mabegani

Umewahi kusikia tanzia yako mwenyewe ikitangazwa, nawe umesimama mzima, mikono imejaa povu la sabuni?

Bibi dobi aliisikia asubuhi ile. Gari la matangazo lilipita polepole nyuma ya ua wa wapangaji, spika ikikwaruza: "Leo alasiri! Jiwe la kumbukumbu ya shujaa Kibanio! Aliyepigwa risasi akianika nguo, ili mimi na wewe tuwe huru!"

Bibi akakamua kitambaa cha meza, akakikung'uta, akakibana kambani. Kibanio alikuwa yeye.

"Bibi, kwa ile hadithi yako, si ndiye wewe huyo wanayemlilia?" akauliza fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha pili, pini ziko mdomoni. "Basi marehemu tuachie ndoo, sisi wazima tuna kiu."

"Chota, ila usimwage. Bomba likikata tena, tutafua kwa mate."

Maji yalikuwa yamepanda bei, mkaa umepanda, kodi imepanda. Kilichoshuka ni mgongo wa bibi tu.

Enzi za mkoloni alikuwa akifua nguo za maofisa, katika kambi ya askari juu ya kilima. Vijana wa msituni waliitazama kamba yake kwa mbali. Dobi yeyote hubana shati kwa pindo, mabega yasije yakapata alama. Basi shati la pindo lilisema: kaeni huko huko. Siku askari wakitoka kambini, bibi alilibana moja mabegani: njooni, njia nyeupe. Maofisa walipita chini ya kamba ile kila siku wasione kitu. Nani anamtazama dobi? Pale kambini lugha hiyo aliijua yeye na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kwa kupenda kucheka hata penye kilio walimwita Kicheko.

Siku moja bibi akaamka na homa ya kutetemesha meno. Kicheko akavaa aproni ya bibi, akajifunga na kitambaa cha bibi kichwani. "Lala, wifi. Leo mimi ndiye wewe," akasema, akapanda kilimani akicheka. Kumbe siri ilikuwa imeshavuja. Askari walijificha nyuma ya mashuka, na risasi ikampata mikono iko juu. Vijana kule mbali waliona aproni, wakasema Kibanio kafa. Wakamzika kwa jina hilo. Waliobaki wakiujua ukweli nao wakaenda mmoja mmoja, wengine kwa risasi, wengine kwa uzee tu.

Uhuru ulipokuja, bibi akaenda ofisini kueleza. Nishani hakuitaka. Alitaka jina la wifi yake likae juu ya mifupa ya wifi yake, basi. Kila afisa akamwambia alete shahidi. Huyu wa sasa, aliyempa kazi ya kufua vitambaa vya sherehe, alimkatiza kabla hajamaliza: "Bibi, mashahidi wako wote wako ahera. Niwapigie simu? Jiwe limeshachongwa. Wewe nifulie shati langu la hotuba."

Shati lenyewe, jeupe pe, bibi alilibana kwa pindo mwisho wa kamba. Akaingia ndani kupuliza mkaa wa pasi. Alipotoka, shati lilikuwa limebanwa mabegani.

"Fundi, umegusa nguo zangu?"

"Nizigusie nini? Za serikali hizo. Nikizitia doa, nani ataniombea?"

Akaligeuza. Akachovya kitambaa kwenye wanga, akakikamua, akainua macho. Mabegani tena. Upepo haukuwapo, hata jani la uani halikutikisika, lakini mikono ya shati ilikuwa ikipanda taratibu, kama ya mtu anayenyoosha nguo kambani. Na nyuma ya vitambaa vya meza mtu akacheka, kile kicheko cha kubana pumzi, cha mtu anayejua hapa si mahali pa kucheka.

Cherehani ikanyamaza.

"Umesikia?" bibi akanong'ona.

Fundi alikuwa ameshatoa pini mdomoni. "Nimesikia. Nilidhani ni wewe."

Bibi hakuligeuza tena. Alijua linasema nini.

Alasiri afisa alilipokea shati uwanjani, akalivaa nyuma ya jukwaa, kisha akawaka kwa hasira. "Bibi! Hizi alama mabegani ni nini? Pasi umepiga au umelilalia?"

"Nimepiga hadi mkaa ukaisha, mwanangu. Hazitoki."

"Haya, tandika vitambaa, halafu utokee nyuma. Viti ni vya wageni."

Alitandika vyote. Cha mwisho alikifunika juu ya jiwe, lililosimikwa pale pale kwenye kaburi la wifi yake. Hakutokea nyuma, alisimama kando ya jukwaa, karibu na mlinzi.

Afisa akasoma hotuba. Akasema Kibanio hakuacha mtu duniani. Akavuta kitambaa, jiwe likang'aa, akaomba watu wasimame kimya. Uwanja mzima ukainamisha vichwa.

Ndipo mtu akacheka. Sauti ilitoka chini, ardhini hasa. Watu wakatazamana. Afisa akajishika mabega, kwanza moja, kisha la pili, akageuka kuona ni nani aliyemshika. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Bibi akasogea mbele.

"We bibi, rudi nyuma!" mlinzi akafoka, lakini miguu yake mwenyewe haikutoka pale ilipokuwa.

Bibi akaweka kiganja juu ya jiwe. Lilikuwa na unyevu, kama nguo iliyotoka kukamuliwa sasa hivi. Akaugeukia uwanja, na sauti yake, iliyozoea kukatizwa maofisini, safari hii haikukatizwa na mtu.

"Kibanio ni mimi," akasema. "Sijafa, nimefua hivyo vitambaa vya meza mlivyotandikiwa. Aliyelala humu ni wifi yangu. Anaitwa Kicheko. Mrudishieni jina lake."