Ubao wa Mkaidi wa Saba

Jeshi la Majini la Uingereza hurithisha majina ya manowari kama watu wanavyorithisha kitanda cha babu. Meli ikichoka huuzwa vyuma chakavu, jina likapewa meli mpya, na ushindi wote wa waliotangulia ukaja nalo, hata kama hiyo mpya haijawahi kurusha kitu zaidi ya fataki. Aibu hazirithiwi. Aibu huzikwa bila bendi.

Yetu iliitwa Obstinate, yaani Mkaidi, ya saba kwa jina hilo. Mimi nilikuwa serahangi wake pale Plymouth, mwenye dhamana ya kamba, rangi na ubao wa msaji ambao juu yake kila ushindi ulikuwa na kibao chake cha shaba. Nahodha, Komanda Pettigrew, aliutazama ubao ule kama bwana harusi anavyojitazama kwenye kioo. Shida ni kwamba meli jirani gatini ilikuwa na vibao vingi kuliko sisi.

"Serahangi, tunahitaji vita vingine."

"Nianzishe, afande?"

Hakucheka. Alikesha na vitabu mpaka akavumbua vita vya Rasi ya Saint-Maël, mwaka 1797, Mkaidi kashiriki. Nikachonga kibao, nikakaza skrubu, naye akanenepa kwa furaha.

Wiki hiyohiyo alikuja Bibi Loveday Penhale, ajuza wa Cornwall, ng'ambo ya mto. Baba yake alikuwa mpishi wa Mkaidi wa sita, meli iliyozama Falmouth ikiwa imefungwa gatini, maofisa wakiwa juu wanakunywa, kila mmoja akidhani mwenzake amefunga valvu ya kuzuia maji ya bahari. Mpishi alishuka kuwaamsha mabaharia. Wao walitoka, yeye hakutoka.

"Kipenzi, namtaka baba yangu ubaoni," alimwambia nahodha. "Nimewaomba manahodha wote. Nikifa mimi, hakuna wa kuomba tena."

"Mama, ubao huu ni wa vita. Pale Falmouth hapakuwa na adui."

"Alikuwepo. Alivaa vifungo vya dhahabu kama hivyo vyako."

Mimi nikajifanya naikagua dari. Nahodha akamwalika kwenye sherehe, maana kumwalika kulikuwa rahisi kuliko kumjibu.

Siku ya sherehe walikuja admeri, bendi, na mgeni kutoka jeshi la majini la Ufaransa, Nahodha Guéguen, mtu mcheshi sana. Hotuba zilipokwisha alisogea ubaoni, akasoma, akapiga makofi, akamkumbatia Pettigrew.

"Rafiki yangu, mna moyo mkubwa! Saint-Maël! Sisi tungekuwa nyinyi tusingeandika."

"Msingeandika nini?" admeri akauliza.

"Mwaka uliotangulia tuliwanyang'anya Mkaidi. Jina tulilipenda, tukaliacha vilevile. Siku ile ya Saint-Maël alikuwa chini ya bendera yetu. Aliwachapa nyinyi!"

Mpiga tarumbeta alicheka ndani ya tarumbeta yake, na sauti ikatoka. Admeri akaiva kama kambakochi chunguni.

"Serahangi," nahodha akanong'ona, "king'oe."

"Patabaki matundu, afande. Na wapiga picha ndio hao wanapanda."

"Weka chochote!"

"Chochote ninacho mimi," akasema Bibi Loveday.

Akafungua mkoba, akatoa kibao cha shaba kilichofungwa kwenye leso. Alikichongesha zamani kwa fundi wa vibao vya milangoni, akawa anatembea nacho. Kiliandikwa Falmouth, 1937.

Admeri akavaa miwani. "Falmouth? Tulipigana na nani Falmouth?"

"Si na sisi," Guéguen akawahi kusema.

"Mlipigana wenyewe kwa wenyewe, kipenzi," bibi akamwambia admeri. "Wa kwenu aliyepigana vizuri alikuwa mpishi."

Admeri alimtazama bibi, kisha Mfaransa, ambaye alikuwa ameanza kusoma kibao kinachofuata kwa hamu.

"Kifungwe," akasema. "Upesi, kabla huyu hajakumbuka vita vingine."

Niling'oa Saint-Maël. Nikataka kukaza cha Falmouth, bibi akanyoosha mkono akadai bisibisi. Skrubu ikawa inakwepa tundu. Wapiga picha walikwishaingia. Hakuna aliyewageukia.

"Wewe wa vifungo," akamwita Pettigrew bila kugeuka, "kinaenda upande. Nishikie."

Nahodha akavua glavu nyeupe, akakishika kwa mikono miwili, akakinyoosha. Alikishikilia hivyohivyo, uso ukutani, mpaka bibi alipomaliza skrubu ya mwisho na kumwambia basi, achia.