Mwangaza Arobaini

Pale studio ya picha walimwita Jicho, maana zamani aliona hata chembe ya chakula kwenye jino la bibi harusi kabla mpigapicha mwenyewe hajaiona. Jina lilibaki, macho ndiyo yaliyokuwa yakiondoka polepole, naye akapiga kimya. Kazi ya kusafisha picha kwenye kompyuta alipewa na shemeji yake, mume wa dada yake na mwenye studio, na kazi nyingine hakuijua.

Studio ilikuwa na sheria moja: skrini zote ziwe mwangaza arobaini, kontrasti hamsini, zilingane na picha ya kipimo iliyobandikwa ukutani. Sheria hiyo haikutungwa na mwehu. Skrini ikiwa kali mno, picha nzuri huonekana imepauka. Fundi huitia giza, na kwenye karatasi hutoka nyeusi tii. Jicho aliyajua hayo, ndiye aliyewafundisha wenzake! Lakini kwenye arobaini aliona ukungu mtupu. Basi kila asubuhi alibonyeza kitufe kwa siri: sitini, themanini, mwisho mia. Akafanya kazi kwa kukisia, roho juu juu. Akipandisha, karatasi inamuumbua. Akishusha, haoni kitu. Pa kutokea hapakuwepo, na aliogopa.

Wiki moja picha za harusi nzima zilitoka kama zimepigwa shimoni.

"Skrini imechoka," alimwambia shemeji yake, akimkwepa macho.

Uongo ule uliaminiwa kupita kiasi. Jumatatu shemeji aliingia na skrini mpya, ameikumbatia kama mtoto mchanga. Akailinganisha na picha ya ukutani, kisha akavifunika vitufe kwa tepu nene.

"Hapa hapaguswi na mtu tena. Kaa, shemeji. Nimekufungulia picha ya kwanza, uisafishe tuikuze."

Jicho akakaa. Mbele yake palikuwa na doa la kahawia, na juu yake kitu cheupe, labda kitambaa. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Doa likabaki doa. Akaona ajitie uchangamfu, kama kawaida yake.

"Mama wa watu, ametulia kweli! Mteja wa lini huyu?"

Shemeji alivuta kiti, akakaa karibu naye kabisa.

"Shemeji," akasema taratibu, "huyo ni mama yako."