Mdomo wa Bichage Waenda Homa Bay

Pale Suna, mjini Migori, vinyozi si haba. Ng'ambo ya barabara alikuwapo mmoja mpya mwenye viti vya ngozi na feni mbili, na bado watu walimpita wakaenda kubanana kwa Bichage, kwenye viti vya mbao na kioo kilichopasuka pembeni. Hawakufuata kunyolewa. Walifuata mdomo. Bichage alikunyoa huku akikueleza nani atampiga nani Amerika, Brazili na Kegonga, na ukibisha alizima mashine, ukabaki na nusu ya kichwa mpaka ukubali.

Bichage, baba yake Mellen, ni Msabato. Duka lake lilifungwa Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumapili alfajiri, saa ile ile mapambano ya MMA yanapoonyeshwa moja kwa moja kutoka ng'ambo, ngumi, mateke na mieleka vikichanganywa ndani ya kizimba kimoja. Wakatoliki waliokosa misa kwa ajili ya runinga yake Mungu anawajua kwa majina. Lakini siku ya Sabato yenyewe Bichage hakutaja ngumi hata kwa bahati mbaya. Maneno ya siku nzima yalimlalia tumboni, na Jumapili yakatoka yote kwa mpigo.

Mpinzani wake hapo dukani alikuwa Scovia, mama yake Pauline, muuza vipuri vya pikipiki mlango wa pili. Scovia ni mzaliwa wa Homa Bay na hana maneno mengi. Bichage akisema mpiganaji fulani ni simba, yeye huuliza tu, "Simba amewinda nani?" Basi ubishi unaanza upya, chai inapoa, na kichwa cha mtu kinasubiri.

Mwaka huo ubishi ulikuwa juu ya Chrispine, mwashi wa Kegonga, kule karibu na mpaka wa Tanzania, mwenye mabega mapana na teke la kuvunja mlango. Bichage alimwona akipigana mara moja sokoni, akampenda papo hapo, na tangu siku ile hakupumzika. Alimtangaza kwa kila kichwa kilichokaa kitini pake. Kijana hajawahi kushindwa, alisema. Maneno yakaenda na vichwa hivyo hadi Isebania, yakarudi yamenenepa.

"Hajashindwa na nani?" Scovia aliuliza. "Yule wa kwanza alikuwa mwalimu wa michezo, siku ya kufunga shule. Wa pili aliteleza peke yake kabla hajaguswa."

"Na wa tatu aliogopa, akakosa kufika!"

"Omera, wa tatu alitoka Sirare, lori ilimkwamisha border."

"Moyo ndiyo ilikwama, mama Pauline. Lori ni sababu tu."

Watu walicheka, na Scovia naye akacheka, lakini moyoni jambo hilo lilimuudhi. Kwao Homa Bay kulikuwa na Tony, mpakia mchanga, mtu mpole aliyewashinda wapiganaji wenye majina huko Kisumu na Kakamega. Tony hakuwa na kinyozi wa kumpigia debe, kwa hiyo hakuna aliyemjua. "Hiyo si haki," Scovia alisema. "Mmoja anapanda kwa mikono, mwingine anapanda kwa mdomo ya mtu."

Ilipotangazwa kwamba Chrispine na Tony watakutana Homa Bay Jumapili mchana, Bichage alisimama katikati ya duka na kufanya kosa. Mdomo uliponza kichwa. Alisema Chrispine akishindwa, yeye Bichage hatazungumza habari za mapambano ndani ya duka hili mpaka Krismasi.

"Hata kuguna?" Scovia aliuliza.

"Hata kuguna. Na Tony akishindwa, wewe pia."

"Sawa," alisema Scovia, upesi mno. Japheth, fundi wa nguo ambaye wote walimfanya mwamuzi wa ubishi pale dukani, akawashikanisha mikono. Ulikuwa mwezi wa nane. Usiku ule Bichage alihesabu miezi iliyobaki kwa vidole, akairudia. Viti vya ngozi hakuwa navyo, feni hakuwa nayo. Mdomo ukifungwa, ni nini kingebaki cha kuwaleta watu kwake?

Sasa, ukumbi wa Homa Bay una utaratibu wake. Wajaluo wana desturi yao iitwayo pakruok: katikati ya muziki mtu hunyanyuka, muziki unanyamaza, naye anajisifu au anamsifu rafiki yake mpaka aridhike, na hakuna wa kumkatiza. Wenyeji waliitia desturi hiyo kwenye pambano. Wapiganaji wangengoja kwenye mikeka, kila upande umsifu mtu wake, huu ukimaliza ule ujibu. Pambano lingeanza upande mmoja ukikosa la kusema.

Bichage aliposikia hivyo machozi ya furaha yalimlengalenga. Ni kana kwamba Homa Bay nzima ilikuwa imejengwa kwa ajili yake. Tena ilikuwa Jumapili, na maneno ya Sabato nzima alikuwa amekuja nayo.

Ukumbi ulikuwa wa mabati, umejaa mpaka madirishani, na joto la ziwa lilikuwa limekaa humo ndani tangu asubuhi. Watu wa Homa Bay hawakulijali. Chrispine, aliyezoea baridi ya Kegonga, alianza kutoa jasho kabla ya kuvua viatu. Ng'ambo ya pili Tony aliketi juu ya kreti la soda, shuka mabegani, akinywa maji kwa utaratibu wa mtu anayesubiri zamu yake hospitalini.

Scovia alisimama wa kwanza. Muziki ukanyamaza.

"Huyu ni Tony wuod nam, mwana wa ziwa. Akifika ufukweni, viboko wanaomba ruhusa ya kutoka majini." Akaketi.

Watu wakapiga makofi. Tony akaitika kwa kichwa, akanywa maji.

Bichage akanyanyuka. "Nyamazeni mnisikie! Huyu ni Chrispine wa Kegonga! Akipiga teke kwao, mahindi yanaanguka Tanzania! Watu wa ushuru wanatoka mbio kuuliza, hiyo teke imelipiwa wapi?" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, na Chrispine, aliposikia jina lake, akaruka juu na kupiga teke hewani. Bichage akaona kwamba hilo ni jema, akaendelea. Alimsifia mkono wa kulia, akaja wa kushoto. Alimsifia nyanya yake aliyemnyonyesha mama yake. Kila sifa Chrispine aliijibu kwa mruko, kwa ngumi za haraka haraka au kwa kupinduka toka mwanzo hadi mwisho wa mikeka, huku watu wakishangilia.

Alipokaa, koo limekauka, Scovia akanyanyuka tena.

"Huyu ni Tony. Mchanga ukimwona unaingia kwa lori wenyewe." Akaketi.

Hivi mtu kama Bichage anaweza kuachia hapo? Alisimama na sifa nyingine, ndefu kuliko za kwanza, na Chrispine akaruka tena. Scovia akajibu kwa sentensi moja. Bichage akajibu kwa mahubiri. Refa alikaa chini. Wauzaji wa soda walipita, wakarudi, wakapita. Jasho la Chrispine lilikuwa limechora duara kwenye mkeka.

Kuna wakati Chrispine aliinua mkono, kiganja wazi, akimtazama Bichage moja kwa moja.

"Mnaona?" Bichage alipaza sauti. "Mnamwona huyo ndume? Anasema bado! Anasema niongeze!" Na akaongeza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku hiyo Homa Bay ilimsifu Bichage kuliko mpiganaji yeyote. Walimpigia makofi, walimwita jaduong', yaani mzee wa heshima, waliomba arudie ile ya ushuru. Hakuwahi kufurahi hivyo maishani mwake, na sitasema uongo, hata Chrispine alikuwa amemtoka akilini.

Mwishowe Scovia alitikisa kichwa kwamba hana zaidi. Upande wa Homa Bay ulikuwa umeishiwa. Bichage aliinua mikono kama aliyeshinda, refa akapuliza kipenga.

Chrispine alirusha teke moja. Lile teke la kuvunja mlango lilikwenda polepole, kama la mtu anayefukuza kuku uani. Tony alinyanyuka, akaweka shuka yake pembeni, akaudaka mguu, akamlaza chini kwa upole na kumkalia. Chrispine aligonga mkeka kuomba aachiwe. Wengine wanadai hakugonga, mkono ulianguka wenyewe kwa uchovu. Refa alisimamisha pambano kabla mtu aliyeinama kuokota kofia yake hajainuka.

Jumatatu duka la Bichage lilijaa, na hakuna aliyetaka kunyolewa. Walitaka kesi. Bichage hakuwa amelala. Alikuwa amelichambua jambo zima, na sasa alimwelekezea Scovia kitana kifuani.

"Japheth, sikiza. Mimi nasema tulionewa. Huyu mama alipanga! Anasema kidogo, anakaa, ili mimi nisimame. Tony ako kwa kreti anakunywa maji, Chrispine anaruka! Hiyo si pambano, hiyo ni njama. Ifutwe!"

"Na ile kiapo ya mdomo?" mtu mmoja aliuliza.

"Pambano ikifutwa, kiapo pia imefutwa."

Japheth akamgeukia Scovia. "Mama Pauline, ni kweli ulipanga?"

"Ni kweli kabisa," alisema Scovia, bila aibu hata chembe. "Nilijua huyu mtu amekaa Sabato yote bila kutaja ngumi. Nikasema, nikimfungulia mlango tu, atamaliza Chrispine kabla Tony amguse. Lakini mimi nilimshika mtu mguu? Nilisifu mtu wangu. Yeye alisifu wake. Sheria gani inakataza?"

Hapo duka liligawanyika. Wengine walisema hila ni sehemu ya mchezo, hata Amerika mabingwa hutukanana wiki nzima ili mmoja akasirike. Wengine walisema hila ifanyiwe mpinzani, si kinyozi wake. Kelele ikapanda, na moyo wa Bichage ukapanda nayo, maana aliona wengi wanaelekea kufuta. Krismasi ilianza kusogea mbali na koo lake.

Ndipo Chrispine alipoingia, shingo imekakamaa, akaketi kitini anyolewe. Japheth akamwambia aseme yeye mwenyewe, je, alionewa?

Chrispine alifikiri. "Mimi niliinua mkono," alisema.

"Mkono gani?"

"Pale katikati. Nilikuwa nimechoka, mzee. Nikaangalia Baba Mellen nikainua mkono, namwambia tosha, tafadhali. Akasema naitisha ingine."

Bichage alishusha kitana.

"Si ungeacha tu kuruka?" Japheth aliuliza.

Chrispine alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hakuvua suruali kanisani. "Mtu mkubwa anasimama mbele ya watu wote ananisifu, na nyanya yangu pia, halafu mimi nikae tu namwangalia? Hiyo itakuwa adabu?" Kisha, bila hasira yoyote, akaongeza, "Tony hakunipiga sana. Nilifika kwake nikiwa nimeisha."

Maneno hayo yalimwingia Bichage pasipokuwa na mfupa. Alimpenda kijana huyu kwa kweli, si utani. Alikuwa amemtafutia jina, alikuwa amemtafutia pambano, na siku yenyewe alisimama mbele yake akasikiliza makofi yake mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya moto, na kwa mara ya kwanza watu walimwona akitafuta neno asilipate.

"Sasa Baba Mellen," Japheth alisema taratibu, "ukitaka, tunafuta. Wengi wako na wewe. Sema tu."

Wote walimtazama. Scovia naye alimtazama, na tabasamu lilikuwa limempungua kidogo.

"Tony alishinda," alisema Bichage. "Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mpeni haki yake." Kisha akawasha mashine, akamnyoa Chrispine kichwa chote bila kusimama hata mara moja, na hakumtoza.

Alishika kiapo. Jumapili baada ya Jumapili runinga iliwashwa alfajiri, watu wakaja, na Bichage akawanyoa akiwa amebana midomo. Wengine walijaribu kubishana wenyewe lakini hawakujua. Mmoja alisema hili, mwenzake akasema ni kweli, basi, yakaisha. Watu wakaanza kusikia habari za feni mbili za ng'ambo ya barabara.

Scovia ndiye aliyeteseka kuliko wote. Alikuja kila Jumapili, akaketi kiti cha mbele, akaanza uchokozi. Alisema yule bingwa wa uzito mdogo angempiga bingwa wa uzito wa juu akiwa amefungwa kitambaa machoni. Bichage alipuliza nywele kwenye mashine. Alisema mateke yapigwe marufuku, yanapoteza muda. Bichage alimkung'uta mteja shingo. Hatimaye alisema Chrispine asingemshinda hata yule mwalimu wa michezo kama mwalimu hangekuwa ametoka kula. Chrispine, aliyekuwa kitini, alicheka. Mshipa wa paji la uso wa Bichage ulisimama wazi kwa wote kuona, lakini mdomo haukufunguka.

"Aai!" Scovia alisimama, amechoka kabisa. "Baba Mellen, mimi ndiye nilikufunga, na leo nakufungua. Mbele ya Japheth, mbele ya hawa wote. Ongea! Nitukane basi!"

Duka zima lilishusha pumzi. Watu walisogeza viti karibu. Mtu mmoja alipunguza sauti ya runinga.

Bichage alizima mashine. Alimgeukia Scovia, akamtazama kwa heshima kubwa, na macho yakaanza kumcheka.

"Krismasi bado, mama Pauline," alisema, akawasha mashine tena.

Scovia aliketi. Ulikuwa mwezi wa kumi.