Asali Kabla ya Sindano

...na kalamu ya daktari inazunguka juu ya picha, palepale, hapa kwenye ini, na hapa, na hapa chini kwenye uti wa mgongo, kila inapopita panang'ara kama makaa, na mimi nasema naam daktari, naam, kama mtu aliyeitwa kutoka jikoni, sielewi hata neno moja, ninachokiona ni kwamba huyu mwenye makaa mwilini ni baba yangu, Mzee Mmanga, yuko nje kwenye benchi anamtania nesi kwamba miaka arubaini ya kukoroga halwa imemrefusha mkono wa kulia... "Picha ya Machi ilikuwa nzuri, Saadiya," anasema Dk. Nadra, "uvimbe mmoja tu kwenye ini, tena wa pole. Hii ya juzi, umeshafika kwenye mifupa," mifupa, miezi mitatu tu, na siku ile tuliporudi kutoka Dar Mama aligawa visheti mtaa mzima, wa pole, tulilipenda neno hilo tukalirudia kama jina la mtoto mchanga, Baba akarudi kwenye sufuria lake... na daktari anaeleza tena, taratibu, ile sindano ya kabla ya picha ni sukari yenye mionzi, saratani kali ina uroho wa sukari, inaifakamia, ndipo inapong'ara, "ndiyo maana tunamkataza mtu kula, akila, sukari inakimbilia kwenye misuli na ugonjwa unajificha," anaweka picha mbili ubavu kwa ubavu, na kwenye ile ya Machi mabega ya Baba yanang'ara, mapaja yanang'ara, "hii hainiingii akilini. Siku ile alikula kitu kabla ya sindano?"... hakula, jibu liko mdomoni tayari, hakula kitu, walimchoma kidole wakapima sukari wakasema sawa, ngojeni hapo, tukangoja, Baba midomo imemkauka, na mimi mkobani nina chupa ya Mama, kombe, aya za Kurani alizoziandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi ya waridi akatia asali, vijiko vinne, kwa sababu Baba akionja uchungu hutema, "mpe kabla hawajamgusa," aliniambia bandarini, na nikampa, kombe si chakula, nani kwetu aliyewahi kuliita kombe chakula, akanywa hadi tone la mwisho akalamba midomo... mimi, ya Rabbi, kwa mkono wangu huu, na juzi alikwenda na kaka yangu Usi, asiye na subira na chupa za Mama, ndipo picha ikasema kweli... miezi mitatu tumekula visheti na huku kitu kinamtafuna, naona aibu, naogopa, Mama akijua hatashika tena kalamu ya zafarani, nikisema hakula yamekwisha, anayejua ni mimi tu, na Baba hata hakumbuki kombe la siku ile... "Nnakuuliza kwa sababu," Dk. Nadra ameinama, ameshusha sauti, "kama picha ile ni sahihi, basi ugonjwa umekimbia yote haya kwa miezi mitatu, na kwa mbio hizo sitomtesa mzee kwa dawa. Kama si sahihi, basi mengine yalikuwapo tangu hapo, haukimbii kama nnavyodhani, na lipo la kujaribu"... subiri, daktari, subiri, kwa hiyo nikisema hakula nimesafika mimi na Baba amekwisha, na nikisema alikunywa, ndiyo, miezi mitatu nimeipoteza mimi, lakini ugonjwa hauna mbio zile, lipo la kujaribu, habari njema pekee iliyomo chumbani humu ni kosa langu, na mimi nilitaka kulificha, nilikuwa tayari kumzika baba yangu ili nisitiriwe... "We Saadiya!" Baba anaita kutoka nje, koo limemkauka kwa kucheka, "hilo kombe la leo umelisahau?", naam Baba, nnalo, lipo mkobani, Mama amelitia asali, na kalamu ya Dk. Nadra bado iko juu ya karatasi, inangoja, na kwenye ulimi wangu lile neno hakula halipo tena, lipo alikunywa, vijiko vinne, nilimpa mimi...