Kayaki ya Kiti Kimoja

Usiku wa jana niliota mama amenituma nikanunue kayaki ya kukanyaga kwa miguu, na duka lenyewe lilikuwa kwenye kibanja chetu cha migomba, nyuma ya jiko, palepale tulipomzika kaka yangu Respicius.

Niseme kwanza tulivyomzika, maana bila hilo ndoto haieleweki. Respi alizama ziwani. Alikuwa peke yake, mkono mmoja kasia, mkono wa pili wavu, upepo ukaja. Watu wa mwalo wetu, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, wakaacha kuvua, ndiyo desturi: mwenzenu akiwa ndani ya maji hakuna anayetupa wavu mpaka apatikane. Hakupatikana. Watoto wa watu walipoanza kulala na njaa, wazee wakasema tuzike mgomba badala yake, ziwa lifunguliwe. Baba mdogo Sosteni akaenda shambani kuuleta. Alikuwa analia, hakutazama vizuri, na badala ya kuukata akaung'oa na mizizi yake. Tukauvisha shati la Respi, tukauzika. Mvua zilipokuja, kaburi likachipua.

Baba mdogo anataka kuling'oa lile chipukizi. Anasema kaburi linaloota majani ni maziko yaliyokataliwa. Kila akija na jembe, mama anakwenda kusimama pale juu. "Mtoto wangu hajarudi nyumbani," anasema. "Mnamfungia mlango wa nini?" Na tangu Respi azame samaki haingii ndani mwetu, hata dagaa.

Basi, nikaota niko dukani.

Kayaki zimening'inia kwenye migomba kama mikungu, pua zimeelekea chini. Nyingine za kijani, nyingine za njano. Naminya moja kwa kidole.

"Usiminye," sauti inasema. "Zinaingia weusi, halafu hakuna anayezitaka."

Muuzaji alikuwa jaketi la kuokolea maisha, la rangi ya chungwa, limekaa kwenye kigoda. Ndani yake hamkuwa na mtu. Nikaliamkia shikamoo, maana sikujua umri wake.

"Marahaba. Umekuja na miguu?"

Nikatazama chini. "Nimekuja nayo."

"Yote?"

"Yote."

"Afadhali. Kuna bwana alikuja akasema ameisahau nyumbani. Ikabidi nimpe kasia tu, akaondoka amenuna."

Nikalieleza ninachotaka. Nataka ile ambayo kaka yangu alionyeshwa kwenye simu ya kijana wa bodaboda: mtu amekaa kitini, anakanyaga pedeli kama za baiskeli, chini mapezi yanapiga maji, na mikono yake yote miwili iko kwenye wavu. Respi aliitazama ile picha mpaka simu ya mwenyewe ikaisha chaji. Akasema, "Nikiwa na hii, ziwa litaniamkia."

"Unamfahamu kaka yangu?" nikaliuliza jaketi.

"Hatukuwahi kukutana," likasema. "Ndilo tatizo lenyewe."

Likajifunga kamba zake, likazifungua tena. Nikangoja. Mimi nikiona mtu anahangaika na vifungo huwa nangoja.

"Haya," likasema. "Anza na viti. Wengi wanakosea hapa, wanatazama rangi. Unataka kiti kimoja au viwili?"

Ya viti viwili ilikuwa nzuri. Nikaizunguka. Kiti cha nyuma kilikuwa na mfuko wa kuwekea ndoano, na mahali pa kuegemeza mgongo.

"Nyuma atakaa nani?" jaketi likauliza.

Nikaufunga ule mfuko wa ndoano.

"Kiti kitupu nacho kina kazi yake. Kinakula upepo. Pua inainuka, chombo kinazungushwa."

Hilo nililijua. Respi mwenyewe alinifundisha kwamba mtumbwi usio na mtu nyuma ni punda asiye na mwenyewe. Kwa hiyo nikachagua ya kiti kimoja, ya njano, iliyoiva. Ubavuni ilikuwa imeandikwa: INABEBA MTU MMOJA NA SAMAKI WAKE. Nilifikiri vizuri kabisa. Hata sasa nikiwa macho naona nilichagua kwa akili, na hapo ndipo panaponiuma.

Jaketi likaikata kwa panga, kayaki ikaanguka kwenye majani makavu, pu.

"Bei yake?" nikauliza.

"Bei iko mezani."

Mezani kulikuwa na sahani, na kwenye sahani sato mzima wa kukaanga.

"Umle, umalize," jaketi likasema.

"Kwetu hatuli samaki."

"Najua. Ingekuwa mnakula, ningekutajia bei nyingine."

Nikaketi. Sato akainua kichwa, akanitazama kwa lile jicho lake lililoiva.

"Kabla hujanigusa," akasema, "mimi sikumla kaka yako. Ukoo wetu ni watu wa majani. Kawaulize sangara."

"Sangara wanasemaje?"

"Wanasema waulizwe furu."

"Na furu?"

"Furu ni wengi mno. Kila mmoja anamsukumia mwenzake. Utadhani kikao cha kijiji." Akalaza kichwa. "Anzia mgongoni, shavu uliache la mwisho. Chumvi imekolea?"

"Imezidi."

"Hiyo si ya jikoni," akasema sato. "Hiyo ni yako. Futa uso, uendelee."

Nikaendelea. Nilimla mpaka mifupa. Kilichonitia aibu ni kwamba alikuwa mtamu.

"Imelipwa," jaketi likasema. "Sasa ijaribu majini. Usichukue kitu cha majini bila kukijaribu majini."

Ziwa likaja lenyewe. Likaingia kwa mlango wa jiko, likatokea upande wa pili na sufuria za mama zikielea juu yake, likapanda kibanja mpaka likanifika magotini. Nikakaa kwenye kayaki. Jaketi likasogeza kiti mbele, likarudisha nyuma, likasogeza tena.

"Ukikanyaga mpaka mwisho, goti libaki limekunjika kidogo. Hivyo. Ukikanyaga mbele, unakwenda mbele. Ukikanyaga kinyume, unarudi nyuma. Lakini kurudi nyuma ni kwa kujinasua kwenye matete tu. Si kwa safari."

"Nimeelewa," nikasema.

Nikakanyaga kinyume.

Napita kwenye matanga. Waombolezaji wanaondoka kinyumenyume, machozi yanapanda mashavuni yanaingia machoni. Baba mdogo Sosteni anaufukua mgomba, anauvua shati, anaupeleka shambani, unasimama kama hakuna lililotokea. Wavuvi wanarudi kutoka kumtafuta Respi, wanasahau walikuwa wanatafuta nini. Upepo unarudi mlimani ulikotoka. Nakanyaga. Mapaja yanawaka moto. Halafu ni asubuhi, mwaloni, maji yametulia, na Respi yule pale, suruali ameikunja, anasukuma mtumbwi wake.

"Wewe Edwiga! Umekalia nini hicho? Ndizi?"

"Kayaki. Ya kukanyaga."

Anauacha mtumbwi. Anaizunguka kayaki, anaipiga ubavuni kwa kiganja kama anavyompiga ng'ombe wa mnadani.

"Umechukua ya njano. Nilisema kijani. Ya njano kiboko anaiona toka Uganda."

"Za kijani zilikuwa mbichi."

"Wewe na ubishi wako." Anacheka. Kisha anaacha kucheka. "Kiti kimoja?"

"Kimoja."

"Sasa mimi nakaa wapi?"

Ndilo swali nililokuwa naliogopa tangu dukani. Namwambia apande tu. Anasoma maandishi ya ubavuni, herufi moja moja, maana yeye aliacha shule kabla yangu.

"Mtu mmoja na samaki wake. Haya, mimi nitakuwa samaki," anasema, na anapanda. Anakaa mapajani mwangu, mtu mzima na ndevu zake. Ananuka wavu na moshi. Magoti yake yanagonga usukani.

Namshika kiunoni. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Na hapo ndipo ninapoelewa kwa nini watu wanaitaka kayaki ya namna hii: miguu ndiyo inafanya kazi, mikono yote miwili inabaki yako.

"Twende nyumbani," namwambia. "Mama anakungoja."

"Amepika nini?"

"Ndizi."

"Na samaki gani?"

"Hatuna samaki."

"Nyumba ya mwaloni haina samaki? Mmerogwa?"

Nakanyaga mbele, maana nyumbani kuko mbele. Nimejaribu kutafuta njia ya kufika bila kupita mbele, nimetazama kushoto, nimetazama kulia kwenye matete, haipo. Upepo unashuka mlimani. Unapita juu yetu, unakwenda kufanya kazi yake kwenye mtumbwi ulioachwa ufukweni. Wavuvi wanatoka na taa zao za mchana, wanaita jina lake kulia na kushoto kwetu. Nawaambia yuko hapa, nimemshika. Hawasikii.

"Usinikaze hivyo," Respi anasema. "Sitoroki."

Silegezi.

"Edwiga. Miguu yangu imekufa ganzi."

"Vumilia. Tunapita kwa akina mama Leokadia, tumekaribia."

"Nimechoka, mdogo wangu. Nikifika nalala kwanza. Msiniamshe."

"Hata kwa chakula?"

"Hata kwa chakula."

Baada ya hapo hakusema tena. Nakanyaga. Naona shati lake linalowa mgongoni, nadhani ni jasho. Nauweka uso wangu pale. Ni baridi, laini, na kuna maji yanatembea ndani polepole. Ninatazama. Ni mgomba, umevaa shati la Respi, vifungo vyote vimefungwa isipokuwa cha juu, ambacho hakuwahi kukifunga. Utomvu unatoka ulipokatika mzizi, unadondoka mapajani mwangu.

Sikushangaa. Sikuacha kukanyaga wala sikuulegeza. Nilimpeleka nyumbani vilevile alivyokuwa.

Ziwa lilikuwa linaanza kuondoka kibanjani tulipofika. Jaketi lilikuwa limesimama penye kaburi, linangoja.

"Imekufaa?"

"Imenifaa."

"Haikuzama?"

"Haikuzama. Alikaa kama samaki."

Jaketi likaukunjua upande mmoja, likaukunjua wa pili. Likauzunguka ule mgomba, likaanza kujifunga, kamba ya juu, ya kati, ya chini, na safari hii halikufungua.

"Nimechelewa," likasema. "Lakini nimefika."

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Mapaja yalikuwa yananiuma, hilo silihesabu, jana nilipanda mlima na kuni. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda changu, ametazama kitenge nilichojifunika. Nilikifua mwenyewe jana, nikakianika juani mpaka kikakauka. Sasa mahali pa mapajani kilikuwa kimelowa doa la kahawia, bichi, linanata. Ndani mwetu hakuna mgomba uliokatwa. Na aliyezaliwa kibanjani hahitaji kuambiwa doa la utomvu likoje, wala kwamba likishaingia kwenye nguo halitoki.

Mama alilishika kwa vidole viwili. Akavinusa. Nilingoja aniulize nimetoka wapi. Hakuniuliza hilo.

"Alikuwa mzito?" akasema.

"Kama mtoto aliyelala."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayekumbuka uzito anaoujua.

"Amesema tusimwamshe," nikamwambia.

Mama akakichukua kitenge, akakikunja mara nyingi, doa likabaki ndani. Hakukipeleka kwenye maji. Akakiweka juu, pale zinapokaa nguo za kutoka, kisha akafungua dirisha la upande wa kibanja, akalitazama lile chipukizi la kaburini.

"Nenda kamwite baba yako mdogo," akasema. "Mwambie aje na jembe."