Mkasi na Nanga

Ofisini kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyekumbuka ilianzishwa na nani: kipengele cha programu kikipendekezwa kuondolewa, anayetaka kukiondoa huketi, na anayekitetea husimama mpaka ashinde au achoke. Wengi walichoka. Ndiyo maana mkuu wa waandishi wa programu, mtu mwembamba mwenye sauti ya taratibu, aliitwa Mkasi. Mwanamke aliyesimama asubuhi ile mwisho wa meza aliitwa Nanga, jina alilopewa na Mkasi mwenyewe. Kila tukitaka kung'oa, alisema, yeye yuko chini, kashika mchanga.

Mkasi alikuwa pia mume wa mdogo wake Nanga. Ofisi nzima ilijua, na ilifurahia kuliko ilivyostahili.

Programu yao ilitumika zahanatini kuandikia wagonjwa na chanjo. Kilichokuwa mezani ni kipengele alichokiandika Nanga: mtandao ukikatika, muuguzi anaendelea na kazi, taarifa zinakaa ndani ya simu, kisha zinajituma zenyewe mtandao ukirudi. Mdogo wake alikuwa muuguzi katika zahanati iliyo nyuma ya kilima, mahali ambapo mnara haufiki, na hakuwa na njia nyingine. Kipengele kikiondolewa, simu yake ya kazi ingebaki kioo cha kujitazamia, na mtoto aliyechanjwa juzi angeweza kuchanjwa tena kwa kukosekana wa kusema keshachanjwa.

Mkasi hakuwa na haja ya kupandisha sauti. Aliwasha skrini ya ukutani, ikatokea chati ya matumizi. Vipengele vingine vyote vilikuwa na nguzo zake, ndefu na fupi. Cha bila mtandao hakikuwa na kitu. Akaeleza kwamba kipengele hicho kinakula muda wa timu kama mchwa, kwamba hitilafu nyingi zinazaliwa humo, kwamba waajiriwa wapya wanaukimbia msimbo wake kama mzinga wa nyuki. Na baada ya gharama yote hiyo, hakuna anayekitumia. Hakuwa anadanganya. Aliiamini chati yake, kwa kuwa kihesabu kilichoichora, kile kinachorekodi matumizi, alikiandika kwa mkono wake.

Nanga akasema anamjua anayekitumia.

"Mke wangu," Mkasi akasema. "Mtaje tu, nimemuoa mimi. Mtu mmoja si takwimu."

Watu wakacheka, na mkurugenzi naye akacheka kidogo, kisha akajikohoza.

"Na wagonjwa wake je?"

"Asiyekuwapo na lake halipo, Nanga. Wewe unayaonaje yale usiyoyaona kwenye chati?"

Jumapili Nanga alikuwa amekwenda mpaka nyumbani kwa Mkasi, akamwambia wakiwa getini kwamba kihesabu kina tundu. Mkasi alimjibu kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kwamba mambo ya kazi hayajadiliwi na mashemeji. Mdogo mtu alitoka na vikombe vya chai, akazitazama nyuso zao, akarudi navyo ndani.

Kwa hiyo safari hii Nanga hakubishana. Alitoa simu yenye programu ile, akauzima mtandao wake, akamsogezea mkurugenzi na kumwomba aandikishe wagonjwa wowote anaotaka kuwabuni. Mkurugenzi, aliyekuwa akiufuata ugomvi kama mtu anayetazama mabeberu wawili wakipigana, akaandika kwa bidii. Mgonjwa mmoja akampa jina la utani la Mkasi na kumchanja pepopunda. Nanga akauwasha mtandao. Wagonjwa wakatokea ukutani, wote, na chanjo zao. Kisha akairudisha chati na kuionyesha upya.

Nguzo ya kipengele chake ilikuwa tupu vilevile.

"Kihesabu kinatuma taarifa papo hapo, kupitia mtandao," Nanga akasema. "Mtandao usipokuwepo, taarifa inapotea. Haitunzwi, hairudiwi. Ni kama kumpigia mtu simu kumuuliza kama simu yake imezima. Asipopokea, wewe unaandika kwamba haikuzima."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mkasi alisema jambo ambalo Nanga alijua ni sahihi, na kwa sababu hiyo hiyo likamchoma: kwamba chati mbovu haithibitishi kuwa kipengele kinatumika, inathibitisha tu kuwa hatujui. Kihesabu kirekebishwe, ndipo ijulikane. Mpaka siku hiyo aliyekisimamia akilee peke yake. Watu wake hawatakigusa. Mkurugenzi akakubali haraka mno, akainuka.

Nje, kwenye ngazi, Mkasi alimsubiri.

"Ungeniambia faraghani."

"Nilikuambia. Getini kwako."

"Uliniambia nimekosea. Hukuniambia utanivua nguo mbele ya watoto niliowafundisha kazi."

"Na ungesikia?"

Mkasi akavuta zipu ya mkoba wake mpaka mwisho. "Shemeji," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo wakiwa kazini, "pale getini usipite tena."

Nanga angeweza kumjibu kwamba geti lile hufunguliwa na mikono ya watu wawili, mume na mke. Badala yake alimwomba ruhusa ya kuingia kwenye msimbo wa kihesabu. Mkasi aliituma kwa simu kabla hajafika ghorofa ya chini, bila salamu.

Nanga alikirekebisha kihesabu peke yake, akaokota na hitilafu alizoachiwa, moja moja. Toleo jipya lilipotoka, hesabu zikaanza kuingia jioni, wauguzi wanaposhuka penye mtandao na simu zao mifukoni. Nguzo iliyokuwa tupu ikaota, ikazipita nyingine, ikaleta zahanati ambazo Nanga hajawahi kuzisikia. Mkasi akaja, akaisoma chati akiwa amesimama, akafuta pendekezo lake ubaoni na kuondoka bila kumtazama mtu.

Nanga alikuwa akitafuta zahanati moja tu. Nayo ilifika kila jioni, kazi nzima ya siku, saa ile ile ambayo mdogo wake, mara tu mtandao unapomshika pale chini ya kilima, alikuwa na kawaida ya kumpigia dada yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Nanga akaiweka simu mezani, kioo juu, akaendelea na hitilafu iliyofuata. Hesabu ziliingia mpaka ya mwisho. Simu haikulia.