Pipa Juu ya Bomba

Asubuhi ile ya baridi kali, kinyozi alitoka na beseni lake kwenda kumnyoa Lemuel Prout barabarani, kwa kuwa mwili wa Prout ulikuwa umeota ukaungana na pipa. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa mbao za mwaloni, na pete mbili za chuma zilimkaza. Hali hiyo ilimwanza usiku wa moto.

Prout alikuwa wa Nyota Nyekundu, kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Katika jiji la Baltimore, Marekani, siku hizo, kikosi kilichowahi bomba la maji la mtaani ndicho kilichopata sifa. Kwa hiyo kila kikosi kilimtanguliza mtu mwenye mabavu, akalifunika bomba kwa pipa, akalikalia na kuwatwanga mahasimu hadi wenzake wafike na pampu. Usiku ule pampu ya mahasimu ilifika kwanza, Prout akawatimua kwa ngumi. Pampu ya Nyota Nyekundu ikakwama kwenye theluji, na nyumba ikateketea na mpangaji wake Delia ndani.

Mama yake Delia ni Honora Tighe, dobi. Wazimamoto walipomwinua Prout pamoja na pipa lake ili waunganishe paipu ya pampu kwenye bomba, Honora aliona ardhi iliyokuwa chini ya pipa ni kavu. Theluji ilianza wakati wa chajio. Kengele ya moto ililia baada ya watu kulala.

Asubuhi Honora akamwendea Prout huku kinyozi akimpaka povu.

“Lem, nani alikwambia uje ukae hapa kabla moto haujawaka?”

“Mama Tighe, mimi nilitumwa kukaa. Sikutumwa kuuliza.”

Honora akamgonga kifuani. Kililia kama pipa tupu, na kinyozi akaendelea kunyoa.

Akaenda kwa konstebo Mulgrew.

“Labda upepo uliifagia hiyo theluji, mama.”

“Upepo gani huo unaofagia duara?”

Mulgrew alifunga kifungo cha juu cha koti lake, lakini Honora alikwisha kuliona shati la Nyota Nyekundu ndani. Konstebo akaandika kuwa ni ajali. Kuhusu Prout alisema hapiti kwenye mlango wa mahabusu. Honora alimchukia konstebo huyo tangu hapo, na hakumficha.

Nyota Nyekundu walifurahi. Mtu wao hakuhitaji tena kukimbia, walimbingirisha tu. Vikosi vingine viliona wivu.

Jumamosi moja jioni Honora alifungua mlango amwage maji ya kufulia. Prout alikuwa amekaa juu ya bomba lililo mbele ya nyumba ya Honora, amenyolewa vizuri.

“Habari za jioni, Mama Tighe.”

“Nani kakuleta?”

“Wenzangu.”

Honora akatazama juu na chini mtaani. Hapakuwa na moshi popote. Akaliweka beseni chini, akaingia, akaanza kutoa nje mashuka ya wateja.

“Anza na vitu vya Delia alivyoviacha kwako,” Prout alimwambia kwa upole.

Akaanza navyo. Kengele ilikuwa bado haijalia.